Funga ya Kengeja

Jumapili, 24 Julai 1960

Mvua tena. Karafuu za mwanzo tulizianika jana zikalowa, leo tumezianika zikalowa, na zikiendelea hivi zitachacha, ziwe mpeta, zisiwe na mnunuzi. Kutwa nakunja majamvi na kuyakunjua. Magoti yananiuma. Ninaandika kwa sababu nimekaa barazani kungoja jua, na mkono usio na kazi unanitia hasira.

Herufi hizi za kizungu alinifundisha kaka yangu Othman, zamani, kwa kijiti kwenye mchanga nyuma ya nyumba ya mama. Leo Othman ndiye mtu wa Kampuni inayonunua karafuu hapa kusini. Yeye hupima karafuu za watu na kuzipeleka kwenye ghala lao Mkoani. Mume wangu, Shehe Mbarouk, ni khatibu wa msikiti wa Ijumaa. Basi mimi nimewekwa baina ya mizani na mimbari, na hakuna hata mmoja wao anayenisaidia kukunja majamvi.

Ijumaa, 29 Julai

Tatu kaja kuazima kinu. Tatu ni jirani yangu wa nyuma. Watu wao walikuja kutoka bara kuchuma karafuu, wakabaki. Mumewe, Nyange, alianguka mkarafuuni msimu uliopita akafa papo hapo, akamwachia watoto wawili, Jaribu na kale kadogo, Masika. Nilimuuliza anataka kutwanga nini. Akacheka, akatazama chini.

Ndiga. Wamefika kula ndiga. Ni viazi vya mwituni vyenye sumu, lazima uvikate vipande vyembamba, uvilaze kwenye maji yanayokwenda siku nyingi, uvianike, ndipo uvitwange. Ukifanya haraka vinakulewesha, ukizidisha haraka vinakuua. Mama yangu alikuwa akitusimulia ndiga za wakati wa vita, na mimi nilidhani hadithi hiyo imekwisha. Lakini muhogo wote umeoza ardhini kwa masika ya mwaka huu, na anayechuma karafuu halipwi mpaka zikauke.

Nilimwambia Shehe, "Tatu anatwanga ndiga."

Akasema, "Tatu yupi?"

Kakaa nyuma ya jiko letu miaka sita. Nilikwenda kulala na hasira zangu.

Jumanne, 2 Agosti

Jua nusu siku. Alhamdulillahi kwa hiyo nusu.

Alhamisi, 11 Agosti

Shehe amerudi kutoka Pujini, vumbi mpaka kwenye ndevu. Makhatibu wote wa kusini walikutana kwa Shehe Kificho, aliyewafundisha wengi wao. Jambo lenyewe ni hili: serikali inafikiria kuzitoza kampuni kubwa ushuru kwa kila gunia la karafuu zinalosafirisha, na fedha hizo ziwalishe wenye njaa mpaka muhogo mwingine uote. Wakulima wadogo hawatoi kitu. Kamati itapita vijijini kusikiliza watu wanasemaje, na makhatibu wameulizwa wao wako upande gani.

Mume wangu huyu, toka namjua, darsa zake zote anasema ushuru ni dhuluma, Mwislamu hutoa zaka na basi. Nilimuuliza kama alimwambia hivyo Shehe Kificho.

"Nilimwambia."

"Akakujibu nini?"

"Kaniuliza, kila mwenye mali kuno hutoa zaka, hiyo Kampuni nani kaiona ikitoa? Nikasema Kampuni si mtu, haina zaka. Akasema, vyo hivyo, Mbarouk. Haisali, haifungi, haifi ikarithiwa. Ina mali tupu. Basi mwenye amri akiitoza fungu la masikini, kamdhulumu nani?" Shehe alivua viatu. "Nilitafuta jibu njia nzima ya kurudi. Sikulipata."

Nilimletea maji ya miguu. Kubadilisha rai katika umri wake si kazi ndogo, nami nilimwonea huruma kidogo, ingawa sikumwambia.

Ijumaa, 12 Agosti

Kasema. Baada ya sala, kwa Kiswahili, ili asibaki mtu wa kusema hakuelewa. Sisi wanawake tulimsikia kutoka nje ya ukuta. Alisema wazi kwamba yeye alikuwa akikataza ushuru, na leo anasimama kuunga mkono ushuru huu, akaeleza kwa nini. Watu walikohoa sana. Othman hukaa safu ya mbele, na mafuta ya taa za msikiti na mabati mapya ya paa vinatoka kwa Kampuni kupitia mkono wake.

Jumatatu, 15 Agosti

Mvua.

Jumamosi, 20 Agosti

Othman kaja, na kibahasha cha kahawa kama kawaida yake. Alikaa kiambazani, hakunywa hata maji.

"Dada, mwambie shemegi aachane na mambo haya. Watu wanasema kaingia siasa."

"Mwambie mwenyewe, yumo ndani."

"Mie nikimwambia tutagombana. We' ukimwambia ni maneno ya nyumbani." Akainama karibu. "Hebu fikiri. Kampuni ikitozwa, itakwenda kununua pengine. Na mie n'tapeleka wapi karafuu za watu hawa? Wataniuliza mie, hawatamuuliza khatibu."

Anaogopa kweli, si uwongo. Nimemjua toka anang'oka meno. Lakini nilipomtajia ndiga alisema watu wa Kengeja wanapenda kutia chumvi. Nikamrudishia kahawa yake. Alipotoka nililia, maana sijapata kumrudishia kaka yangu kitu.

Alhamisi, 25 Agosti

Siku mbaya. Tatu kaniita kwa ukuta. Masika kalegea, macho yamegeuka, mate yanamtoka. Ndiga hazikukaa majini vya kutosha. Tatu aliona watoto wanalia akazitoa mapema, na za kwanza kapewa mdogo.

Nilimpa maziwa ya nazi, akatapika, nikampa tena, akatapika. Shehe alikuja mlangoni, akasimama. Nilidhani atasoma dua aende zake. Aliingia akamshika mtoto kichwa mpaka mchana ukageuka. Masika alipoanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, Tatu alianguka kwenye kitanda cha kamba akasema, "Mwaka hunu n'tazika huyu, najua." Shehe akamwambia, "Hutamzika." Sijui alipata wapi ujasiri wa kuahidi kitu kama hicho. Sasa nami nimekwama nayo hiyo ahadi, maana mwenye sufuria ni mimi, na sufuria yangu mwenyewe inaonyesha kitako.

Ijumaa, 2 Septemba

Habari mbili. Kamati kutoka Unguja itafika Kengeja Jumatatu ya tarehe kumi na mbili. Na Kampuni, kwa mapenzi yake makubwa kwetu, itatufanyia maulidi siku hiyo hiyo: ng'ombe wawili, mchele wa magunia, samli, viungo, kila kitu. Ni Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, nani atasema hapana?

Hata mtoto anaona wanachokitaka. Wageni wafike wakute masinia yamejaa na watu wanalamba vidole, warudi Unguja waseme Kengeja hakuna njaa, Kampuni inawatazama watu wake bila ya kutozwa. Shehe alikasirika mpaka akashindwa kula. Alitaka tukatae.

"Ukatae chakula mbele ya Jaribu na Masika?" nilimuuliza. "Ukawaambie wewe. Mie sina mdomo huo."

Wanawake wameshaniletea vyungu, maana shughuli za kijiji hiki hupikwa kwangu. Kusema kweli, nilipofikiria harufu ya samli nilishindwa kuwa na msimamo wowote.

Jumanne, 6 Septemba

Jua zuri. Nimechoka kuliko siku za mvua.

Ijumaa, 9 Septemba

Sasa kila mtu anacheka, na sijaona watu wakicheka kwa muda mrefu. Shehe baada ya sala alisema hivi. Maulidi tumeyapokea kwa shukrani. Lakini Jumatatu ndiyo siku aliyozaliwa Mtume, na yeye mwenyewe alikuwa akiifunga. Basi Kengeja tutamwadhimisha kwa sunna yake. Watu wazima wote tufunge. Chakula kitapikwa, watoto watakula, na sisi tutafuturu nacho magharibi, kila mtu kwake, kwa baraka.

Na wageni wanaondoka alasiri kuwahi meli Mkoani. Watakuta majamvi, masinia, na watu wazima wamekaa kimya hawagusi kitu. Wakiuliza, kila mmoja atawaeleza habari za muhogo na ndiga. Hakuna aliyekataa chakula cha mtu, wala aliyemvunjia mtu heshima. Othman naye atasemaje dhidi ya sunna?

Nilijivunia mume wangu leo. Naandika hapa kwa sababu mbele yake sitasema.

Jumapili, 11 Septemba

Kumenya vitunguu, kuchambua mchele. Mikono yote inanuka thumu. Tatu kaja kusaidia, kakonda, shingo imekuwa ya kuku. Nilimwambia kesho asifunge. Akasema, "Bi Mwanawema, siku zote mie sili, hakuna anayejua. Kesho wamefunga watu wote, nile mie peke yangu? N'takuwa nani kuno?"

Jumanne, 13 Septemba

Jana sikuweza kuandika. Leo najaribu.

Tulianza kupika alfajiri. Kupika pilau ya ng'ombe wawili huku umefunga, na tumbo lenyewe halikumbuki mara ya mwisho lilishiba lini, ni adhabu ambayo siwatakii maadui. Hatukuonja. Mwatum, ambaye hapitwi na jambo, alitia chumvi kwa kukisia, na ikawa sawa. Wanawake walikuwa hawasemi. Mtu akisogelea sufuria sana wenzake walimvuta nguo.

Wageni walikuja na lori la Othman. Walikuwa watatu, mkubwa wao bwana mmoja wa Unguja, mtu mzima, tai shingoni, anatoka jasho. Wakakalishwa mbele ya msikiti. Maulidi ya Barzanji yakasomwa vizuri mno, na vijana wa matari walijitahidi. Kisha masinia yakatoka. Wanaume wakakaa kuyazunguka, mikono mapajani, kama tulivyopanga. Yule bwana akauliza mbona hawali, na Shehe akamweleza kwa upole, Jumatatu, sunna, tutafuturu inshallah. Niliuona uso wa Othman. Wazee wakaanza kueleza habari za muhogo, mmoja baada ya mmoja, kwa adabu, na karani wa wageni anaandika. Nikasema moyoni, tumeshinda.

Watoto walikuwa na sinia zao pembeni, karibu na upande wetu. Tatu alikwenda kumlisha Masika. Alimmegea, akampulizia, akamtia mdomoni. Masika naye kwa mapenzi yake akachukua kijikono cha wali akamtia mama yake kinywani. Tatu akafunga macho. Niliona anataka kutema. Akameza. Kisha akachukua tonge kubwa mwenyewe, na jingine, na jingine, kwa mikono miwili, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye viwiko.

Mwatum akapiga ukelele. "Tatu kala! Tazameni, Tatu kala mbele za watu!"

Uwanja mzima ukageuka. Mwanamme mmoja akasema kwa sauti, "Watu wa bara hao, wamfungie nani?" Mwingine akamwambia aondoke, ametutia aibu. Yule bwana wa Unguja akasimama kutazama. Othman akamwinamia akamwambia kitu, na nikaona karani ameanza kuandika upya. Tatu alikuwa amekaa chini, mdomo umejaa, hatemi wala hamezi.

Shehe aliinuka. Alikuwa na joho lake la Ijumaa. Alipita katikati ya majamvi mpaka kwenye sinia ya watoto, akakaa chini kwenye mchanga, joho na yote, akasema Bismillahi, akala.

Alikula tonge tatu nne bila kumtazama mtu. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa kubwa, lakini hakuna aliyekohoa, "Funga hii niliitangaza mimi. Mgonjwa ana ruhusa, mwenye njaa ya kumdhuru ana ruhusa, na mimi nilijua, sikulisema, kwa sababu nilitaka jamvi lionekane limejaa. Tatu hakukosa. Kula, mwanangu, umeze."

Tatu akameza.

Baadhi ya watu wakaanza kula. Walikula vibaya, kimya, kwa haraka, na wengine walitapika pale pale kwa mafuta juu ya matumbo matupu. Wengine waligoma, wakamtazama Shehe kwa macho ambayo sijapata kuyaona. Yule bwana wa Unguja alikuja mpaka kwa Tatu, akachuchumaa, suruali yake nzuri vumbini, akamuuliza mara ya mwisho kula wali ilikuwa lini.

Tatu akafikiri. "Arubaini ya mume wangu," akasema.

Karani aliuliza kama aandike. Sikusikia alijibiwa nini.

Njiani kurudi nyumbani Shehe alisema, "Nimeharibu."

Nilitaka kumwambia hapana. Lakini sijazoea kumdanganya. Nikasema, "Labda umeharibu. Twende ukapumzike."

Ijumaa, 16 Septemba

Othman na wenzake wa kamati ya msikiti wamesema khatibu aliyefungisha watu kisha akafungua mchana kweupe mbele ya wageni hafai kupanda mimbari. Hutuba ya leo kasoma Bakar, waliyemweka mahali pake. Shehe alikaa safu ya pili. Wapo waliomwamkia na wapo waliojifanya wanatafuta viatu. Nilimkunjia joho nikaliweka sandukuni, na yeye hakuuliza liko wapi.

Jumatano, 28 Septemba

Kuchuma, kuchambua, kuanika. Masika anatembea tena. Namgawia Tatu katika tulichonacho, na tulichonacho ni kidogo. Shehe siku hizi mwenyewe ndiye anayepeleka bakuli kule nyuma. Mchana ninamkuta amekaa na Jaribu, anamfundisha alifu na bee.

Jumamosi, 22 Oktoba

Vuli imeanza mapema. Nina homa. Majamvi anakunja Shehe, vibaya.

Jumanne, 8 Novemba

Redio ya dukani imesema: ushuru umepita. Msimu huu tu, halafu utatazamwa tena. Watu walikuja kumpa Shehe mkono, hata wengine wa wale waliokuwa wakitafuta viatu. Yeye alisema alhamdulillahi akarudi kwenye karafuu.

Ijumaa, 11 Novemba

Kampuni imeshusha bei ya pishi ya karafuu. Nilikwenda kwenye mizani mwenyewe nikamuuliza Othman.

"Dada, ushuru lazima utoke pahala," akasema. Hakufurahi kuniambia. Amezeeka msimu huu, na mimi sikuwa na nguvu za kumchukia. Nilichukua nilichopewa nikaondoka. Shehe nilipomweleza alisema lilikuwa jambo la kujua toka mwanzo, na makhatibu wote wale pamoja hawakulifikiria. Akaniomba radhi. Nilimwambia sina radhi ya kumpa kwa bei ya karafuu.

Jumamosi, 3 Desemba

Mchele umekuja. Lori mbili kutoka Mkoani, na watu wamepiga vigelegele mpaka shamba. Kamati ya kugawa imekaa msikitini, na mkuu wake ni nani kama si Othman. Khatibu Bakar alisimama akautaja ushuru huu kuwa ni rehema, naye mwezi wa Agosti alikuwa wa kwanza kukohoa. Shehe alipanga foleni kama watu wote, akapata fungu letu, akalibeba begani mpaka nyumbani.

Nilipika na nazi. Sijapika wali kwa nyumba yangu mwenyewe sijui toka lini. Nilimwandalia, akanawa, akashika tonge, akaniuliza, "Tatu kapata?"

Ningeweza kusema kapata. Amechoka, na mimi nimechoka, na wali ulikuwa wa moto. Lakini nilimwambia nilichoambiwa ukutani na Tatu mwenyewe: mchele ni wa wenye mikarafuu, na yeye hana mkarafuu, alikuwa na mume tu, na huyo alianguka. Kamati imemwambia angoje, kama utabaki.

Shehe akarudisha tonge sahanini. Akakaa kidogo, mikono magotini, mzee kabisa. Kisha akaniambia nimfungulie sanduku nimtolee joho, anakwenda kwenye kamati.

"Hawatakusikiliza," nikamwambia. "Huna mimbari."

"Najua."

"Na utagombana na kaka yangu."

"Nishagombana naye. Leo njoo nawe, uliye mtoto wa mama yake. Mie peke yangu kanizowea."

Nimeufunika wali. Nimempa Jaribu sahani yetu aipeleke kwao kwanza. Ninaandika haya Shehe akinisubiri mlangoni na joho lake lililokunjamana, ananiambia kutaingia mvua, nifanye haraka.